Database niliyoiacha bila password kiwandani Mwanza, na mama aliyebeba kosa langu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Jana kuna mwenzetu humu aliuliza namna ya kuandaa database ya tool yake ya penetration testing, yaani ya kupima ulinzi wa kompyuta. Akajibiwa: password iache tupu, hiyo ni yako mwenyewe, nani ataiona? Watu wakagonga like za kutosha.

Mimi niliweka simu pembeni, na chai ikapoa. Nimeona bora niwaeleze kilichonipata. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Mwanza. Mashirika ya umma yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazi, na huku viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa. Ukijua kuwasha kompyuta tu unaitwa mtaalamu.

Nilikuwa na cheti cha miezi sita. Kiwanda kimoja kikaniajiri kuangalia kompyuta zake saba zilizounganishwa kwenye network. Saba tu wakuu, lakini nilivyokuwa natembea ungedhani nimezitengeneza mimi.

Mmoja wa waliozitumia alikuwa Mama Kabula. Alishapunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, akakaa nyumbani muda mrefu, ndipo akapata hii. Alikuwa anapima joto la chumba cha baridi mara tatu kwa siku na kuliingiza kwenye kompyuta. Shehena haitoki mpaka aidhinishe yeye.

Umri wake ni wa mama yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika mouse. Kila asubuhi shikamoo, marahaba mwanangu, halafu ananipa kiazi kitamu kilichofungwa kwenye gazeti.

Siku moja meneja akaniita. Wanunuzi kutoka Ulaya wanakuja kukagua, kwa hiyo nijaribu kuingia kwenye kompyuta zetu kama mwizi, nimwambie wapi pana udhaifu.

Nilikuwa na programu niliyopewa na rafiki kwenye disketi. Inajaribu maneno moja baada ya jingine mpaka password ikubali. Ila ilitaka uiandalie database: jedwali moja la maneno ya kujaribu, jingine la majibu, yaani mashine ipi, ya nani, na password gani imefungua.

Maneno iliyokuja nayo yalikuwa ya Kizungu. Hayakufungua hata mashine moja. Nani Mwanza anatumia jina la mbwa wa Mzungu?

Nikaamua kutengeneza orodha ya kwetu. Wiki nzima, saa ya chai, nikawa napiga soga na watu: watoto wao, vijiji vyao, ng'ombe wao. Kwa wasiojua, huku Usukumani maksai wa kulima anapewa jina, na mtu anaweza kukusimulia habari zake kuliko za mjomba wake.

Mama Kabula akanisimulia maksai wa baba yake kule Kisesa. Aliitwa Sajini. Akifika mwisho wa shamba anageuka mwenyewe bila kuambiwa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi nilicheka, huku naliweka hilo jina kichwani.

Sajini ilifungua mashine yake pale pale, na nyingine zikafuata kwa majina ya namna hiyo hiyo. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa njooni kwenye kosa. Wakati naandaa ile database iliniomba niiwekee password yake yenyewe. Nikabonyeza Enter, nikasema nitaweka baadaye. Tena nikaihifadhi kwenye folda iliyo wazi kwa network nzima, ili nisihangaike kubeba disketi kutoka ofisi hii kwenda ile.

Yaani password za kiwanda kizima zimekaa humo zinasomeka, na mlango hauna kufuli.

Kwenye ripoti nikaandika kwamba password dhaifu zimeshabadilishwa. Uongo. Nilikuwa nimepanga kuzibadilisha Jumatatu. Meneja akanisifu, nami nikaenda Butimba kwa dada yangu kupumzika siku mbili.

Nikiwa huko umeme ukakatika kiwandani na jenereta likagoma. Chumba cha baridi kikapata joto. Mama Kabula akaingiza joto lile lile aliloliona na akaizuia shehena. Baadaye mtu akaingia kwa jina lake, akabadilisha namba na kuiruhusu. Mzigo ukaondoka, ukafika umeharibika, ukakataliwa.

Mtu huyo ni nani, sijui mpaka leo.

Niliporudi nikaangalia ile database. Ilionyesha imefunguliwa siku ambayo mimi sikuwepo. Nikaelewa kila kitu. Nikaifuta.

Tukaitwa ofisini. Mama Kabula akaeleza kwamba aliingiza namba nyingine kabisa. Meneja akanigeukia, mama akiwa amekaa pale pale.

"Kuna mtu anaweza kuingia kwa jina la huyu mama?"

Wakuu, jibu lilikuwa la neno moja. Mdomo wangu ukasema hivi:

"Haiwezekani, mzee. Labda kama alimtajia mtu password yake."

Mama hakunikasirikia. Aliinamisha kichwa, nikaona kabisa anajaribu kukumbuka ni nani aliyemtajia. Mchana huo alirudisha stoo mabuti yake meupe na akatoka getini. Mimi nilibaki na kazi yangu miaka mitatu zaidi.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye Kisesa, dukani. Analima mpunga, mgongo umeanza kupinda. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono asiniachie.

"Mwanangu, ulinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyeropoka. Habari za Sajini nilikuwa namsimulia kila mtu. Nisamehe kama walikusumbua kwa ajili yangu."

Nikamwambia yameisha, mama. Nilimsamehe, wakuu. Mimi nikamsamehe yeye.

Kwa hiyo wewe unayeandaa database yako, iwekee password kabla hujaingiza kitu chochote, na usiifungulie network nzima. Unachoandika humo ni siri za watu waliokuamini. Hilo ni la ufundi, mtalipata hata kwingine.

La kwangu ni gumu kidogo. Mama Kabula bado yupo hai na kwake napafahamu. Nimeweza kuwaambia ninyi nisiowajua hata sura, yeye bado.

Nishaurini, naanzaje kumwambia? Comment zote nitasoma, hata za matusi. Ila msiniandikie pole, hiyo si ya kwangu.