Majani Yenye Matundu

Muuza mboga wa kona ya soko hupanga mafungu yake kinyume na wenzake: majani yaliyotobolewa na viwavi huyaweka juu, mazima chini. Analima mwenyewe, na vidole vyake vina weusi wa mboji usiotoka kwa sabuni. Kila fungu hulipiga kofi dogo kabla ya kulikabidhi, kama mtu anayemhimiza mtoto aende shule. Mteja akikunja uso, hujibu bila kuinua kichwa: "Mdudu kala na hajafa, mama. Wewe unaogopa nini?" Wauzaji wenzake humcheka, eti anauza makombo ya viwavi.

Asubuhi moja alikuja mwenye duka la dawa za kuua wadudu, yule yule aliyemwambia kwamba bila kupuliza, shamba lake litaliwa lote. Akainama, akanong'ona: "Dada, nipe za watoto wangu. Zile zenye matundu."

"Sema kwa sauti, mwenye duka, na wenzangu wasikie."

Akasema, na wauzaji wakageuka. Muuza mboga akalipiga fungu lake kofi, akamwongezea majani mawili, yametoboka kama chujio.