Ukili Usioshonwa

Katika kijiji kimoja cha Wapokomo kando ya mto Tana, si mbali na Ngao, mkeka wa kuzikiwa ulikuwa kazi ya watu wawili. Mwanamke aliusuka mwenyewe angali na nguvu, lakini hakuushona. Alisuka ukili mmoja, utepe mrefu wa majani ya mkindu wenye upana wa vidole vinne, akautia alama nyeusi za ukindu uliochemshwa na tope la mto, kisha akauviringa na kuutundika kwenye boriti. Siku ya kufa kwake, binti yake aliuteremsha, akauzungusha pindo kwa pindo na kuushona, kila mzunguko ukitimiza kimo cha marehemu. Kimo kikiwa sawa, alama zilizotawanyika zilikutana zikawa picha. Kabla ya hapo hakuna aliyejua mwenye mkeka amechora nini. Jua lilipotua, mkeka ulikuwa umekwisha kuingia kaburini pamoja na picha yake.

Mwanaarusi alikua akilala chini ya ukili wa mama yake. Aliufahamu kama mtoto afahamuvyo makovu ya mzazi: mahali ambapo alama zilisongamana, mahali zilipokatika kwa urefu wa dhiraa mbili bila sababu. Mara moja aliuliza unaonyesha nini. Mama akacheka. "Una haraka ya kunizika, we binti?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, mnamo 1886, wavamizi walipoingia. Mama alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mpunga, na moshi ulionekana ng'ambo kabla haujaonekana nyumbani. Msichana aliutazama moshi ule akahukumu kwamba mama hayupo tena. Hakuchukua chakula wala nguo. Alipanda kinu, akautungua ukili, akakimbia nao, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya binti. Walimkamata kwenye migomba. Walimtwika mzigo, na kwa kuwa ukili ulikaa kichwani mithili ya kata ya kutulizia mzigo, wakamwachia autumie hivyo. Kwa njia hiyo kazi ya mama ilifika mji wa Kipini, pwani, chini ya mzigo wa wezi.

Kipini aliuzwa kwa Awadh, mfanyabiashara wa mchele na pembe. Nyumba ya Awadh ilikuwa na mlango wa nakshi ambao wageni walisimama kuusifu kabla ya kubisha hodi. Mwanaarusi aliufuta vumbi mlango ule kwa miaka ishirini na mmoja, na baadaye hakuweza kukumbuka ua lake hata moja. Jicho, pengine, halina nafasi ya vitu vingi. Au lina nafasi, ila moyo hukataa kuifungua.

Mke wa Awadh, Bi Salama, hakuwa mkatili kwa kipimo cha mji. Ukili uliotundikwa katika chumba cha watumwa ulimkera kama kazi iliyoachwa nusu.

"Kwenu mikeka hutundikwa kama nyama ya kukausha?"

"Wa mama, bibi. Haujafika wakati."

"Wakati upi? Mama'ko si umesema alikufa?"

"Alikufa. Lakini sikumzika."

"Basi ushone, watu wakalie. Maiti ambaye hukumzika hana haja ya jamvi."

Mwanaarusi aliinamisha kichwa, wala hakushona. Miaka ikapita hivyo, huyu akikumbusha, yule akiinama. Lakini ilipofika arusi ya Athmani, mtoto wa kiume wa nyumba ile, makawa ya kufunikia sinia yalipungua. Bi Salama aliingia mwenyewe na kisu, akavuta ncha ya ukili, akapima kwa mikono yake na kukata pima mbili na nusu.

"Usinitolee macho. Umebaki mwingi."

Usiku wa arusi Mwanaarusi alibeba masinia ya biriani, na juu ya mojawapo, ikiwa imekunjwa kuwa kawa, ilikaa sehemu ya mama yake ambayo hakuna aliyejua ilikuwa sehemu gani. Wageni waliifunua na kuiweka kando. Baada ya siku saba panya walikuwa wameitafuna kwa ajili ya mafuta. Tangu siku hiyo alilala na ukili uliosalia chini ya kichwa chake.

Ilipotangazwa mwaka 1907 kwamba hakuna tena mtumwa, Awadh alikuwa amekwisha kufa, na Bi Salama alimwambia anaweza kubaki atumike kwa wali wake. Mwanaarusi aliondoka siku ya tatu. Alitaka jambo moja tu: kuonyeshwa kaburi la mama, kuushona mkeka na kumpa mwenyewe.

Kijijini aliyebaki wa kumjua alikuwa mjomba wake Buya, mzee wa kope nyekundu. Hakuutambua uso. Alitambua mzigo.

"Wewe ndiwe uliyeuchukua," alisema.

"Mimi, mjomba. Niliuokoa. Mama aliungua ng'ambo, nami…"

"Nani aliungua?"

Mwanaarusi aliuteremsha mzigo chini.

"Mama'ko alikaa kwenye matete, maji yakimfika kidevuni, mpaka walipoondoka. Alirudi jioni. Alitazama boriti kabla ya kutazama kitanda chako. Alipoona tupu akapiga kigelegele, tukadhani kapata wazimu. 'Mwanangu yu hai,' akasema, 'amekwenda na kazi yake.'"

"Aliishi muda gani?"

"Miaka kumi na mitatu. Tulimwambia asuke mwingine. 'Mkeka wangu uko njiani pamoja na mshonaji wake.' Mwanamke mbishi! Hakugusa ukindu tena. Njaa ile kubwa ikaja, akafa."

"Mkamzika na nini?"

Buya alikuna goti. "Ngozi ya mbuzi. Haikumfika magotini."

Laiti asingeuokoa, mama angezikwa kama watu. Wazo hilo lilimjia wazi. Aliomba aonyeshwe kaburi. Buya alimpeleka ukingoni akanyoosha kidole kuelekea katikati ya mto. Mafuriko ya mwaka juzi yalikuwa yameukata ukingo, na maji ya rangi ya udongo yalipita pale bila alama yoyote.

"Nitashona hata hivyo," alisema Mwanaarusi.

"Huwezi. Mkeka ukishonwa bila maiti, humwita mtu wa kuzikwa nao."

"Na uite."

Asubuhi alikaa mbele ya nyumba ya mjomba na sindano. Wanawake walivuta watoto wao ndani. Buya alisimama mbali, halafu karibu, halafu hakuweza kujizuia.

"Huo ni mrefu mno, huyo ni twiga. Alinifika hapa." Akagusa bega lake.

Mwanaarusi alishona mizunguko mitatu kwa kipimo cha bega. Alama zilipishana kama nyayo za kuku. Akafumua. Akajaribu kwapa la Buya, akafumua tena. Yeye mwenyewe alimkumbuka mama mrefu, mwenye kuinama ili kuingia mlangoni, na kila mara aliongeza urefu bila kujua. Adhuhuri, vidole vikitoka damu, alipunguza mara ya mwisho kwa shubiri nzima, na alama zikakutana.

Akasimama akajipimia. Mama alimfika puani. Alikuwa mwanamke mfupi.

Mistari myeusi ilishuka mshazari ikipinda pamoja, ikaachana, ikarudiana.

"Ni mto?" aliuliza.

"Labda. Labda ni njia ya ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa." Buya alisogeza uso. "Ingejulikana mwishoni."

Mwisho haukuwapo. Pale kisu cha Bi Salama kilipopita, mistari ilikatika yote, na mkeka ulipungukiwa upana wa mizunguko mitatu.

Buya alichimba kaburi mwenyewe mbali na mto, kwa urefu wa mkeka na si zaidi. Mwanaarusi aliukunja kama umzungukao mtu. Kingo hazikukutana, ubavu mmoja ulibaki wazi. Buya alimshauri apachike jani la mgomba. Alikataa. Aliushusha ulivyo, na upande ule wazi akaugeuza uelekee chini.

"Na wako," alisema Buya akiegemea jembe, "atashona nani? Huna binti."

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu.

"Tia udongo, mjomba," alisema Mwanaarusi.