Linki za Dada wa Nanganga

Kwa muda mrefu nilimfahamu dada yule wa Nanganga kwa linki zake tu. Mimi niliandika blogu ya kikundi chetu cha akina mama wa Nachingwea, yeye ya kikundi chao. Tulikuwa na ukurasa mmoja wa pamoja mtandaoni, uliogawanywa mafungu kwa mada, kila mmoja akihifadhi humo makala aliyoona inafaa, mwenzake akaisome na kuwasomea wengine. Mimi nilikuwa mtu wa ufuta na korosho. Yeye alipenda kuku, na pembeni ya makala aliandika vineno vya kunichekesha: "Hii soma ukiwa umeshiba."

Kisha akapotea. Blogu yao ikakaa bila habari mpya. Asubuhi moja nikakuta amehifadhi makala kwenye fungu la kuku. Nilipoifungua, ilieleza namna ya kumlea mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Chini yake kulikuwa na nyingine za namna hiyo hiyo, bila neno pembeni.

Nikampigia. Nilizunguka sana, nikauliza mvua, nikauliza mbaazi, mwishowe nikamuuliza kama mtoto ni wake.

"Ni wangu," akasema. "Sijamtangaza. Naogopa nikimtangaza hatakaa."

Nilimwomba ruhusa niwaambie mama zangu wa kikundi, akakubali. Wakakusanya unga wa uwele, karanga, na khanga zilizolainika kwa kufuliwa, tukaenda Nanganga. Alikuwamo mama mmoja Msukuma, ambaye familia yake ilihamia kwetu na ng'ombe. Naye aliwahi kulea njiti. Alimvua mtoto nguo, akamfunga kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyokuwa amemwelekeza dada. Akamwambia mzazi, "Kalale, mwanangu. Huyu ninaye mimi."

Akalala mpaka alasiri, sisi tukipika. Mtoto alikuwa mdogo mno, kakunja uso kama mtu aliyeamshwa bure. Nilimpenda pale pale.

Mtoto alikaa. Aliponenepa, mama yake aliyaandika yote mwenyewe kwenye blogu yao. Niliihifadhi habari ile katika fungu jipya la watoto. Mama mmoja wa Mbwemkuru akaandika chini yake kwamba naye ana njiti nyumbani, akauliza kama anaweza kuja kuonyeshwa namna ya kumfunga kifuani.

Dada akamjibu kabla yangu: "Njoo naye. Nitakupokea stendi."