Jemadari na Ndugu Zake

Juzi nilipita Wembley siku ya mechi. Kelele za mashabiki zikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu karibu na uwanja, chumba kikinuka udi na samaki wa kukaanga. Baba alikuwa akinisimulia Waislamu wa mwanzo walivyopigana wao kwa wao, na jemadari mmoja aliyeamrishwa kuongoza kabila lake dhidi ya ndugu zao waliokuwa upande wa pili. Uwanja ukanguruma, nikadhani majeshi yamefika.

“Baba, wabaya walikuwa wepi?”

“Kula samaki wako, mwanangu,” alisema, machozi yakimlenga.

Nilidhani anamlilia jemadari. Sasa najua kwamba aliyekuja na bunduki kumfukuza baba Unguja wakati wa mapinduzi alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Na jina la kaka huyo ndilo baba alilonipa mimi.