Nilibadilisha Kibao cha Mlangoni, na Leo Binti Yake Ananiita Mama

Msimamizi wa ukurasa, jina langu libaki kwako peke yako. Mimi ni bibi wa miaka themanini na nane, mkulima wa migomba na kahawa huku Nyakakika, Karagwe. Macho yamechoka, kwa hiyo ananiandikia jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye nimemwapisha kwa Biblia asimwambie mtu. Ninyi mnaosoma, msikimbilie kunionea huruma. Fikeni mwisho kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu. Mume wangu na kaka yake walijenga pamoja, misonge miwili ikitazamana, uwanja mmoja katikati. Mke wa huyo kaka nitamwita Koku, ingawa si jina lake. Ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kumenya ndizi bila kujikata, na hakunicheka hata siku moja. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, nitamwita Anna.

Shida yetu kubwa ilikuwa homa ya papasi. Wale wadudu walijificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, chini ya nyasi tulizotandika, wakatuuma tukiwa tumelala. Homa inakuja, inaondoka, ukishaanza kusema umepona inarudi. Ilinichukulia mtoto wangu wa kwanza. Wa pili alikuwa bado kichanga mgongoni.

Ndipo akaja bwana afya pamoja na daktari mmoja Mzungu. Walituita wote uwanja wa kanisa wakatueleza kuna unga mpya wa kuua papasi, ila hawajajua kama kweli unazuia homa. Nyumba nyingine zitanyunyiziwa, nyingine zitaachwa kwanza, kisha watatupima damu sote walinganishe. Ukifaa, watarudi wamalizie zilizobaki. Kibao chekundu mlangoni ni dawa, cheupe ni kusubiri.

Siku ya kugawa vibao nilikuwa peke yangu nyumbani na Anna, wengine wako shambani. Bwana afya akaingiza mkono mkobani bila kuangalia. Kwangu kikatoka cheupe. Kwa Koku, chekundu.

Nikamwambia, "Bwana, mimi nimeshazika mtoto. Nipe mimi hicho chekundu."

"Pole sana, mama. Hapa hachagui mtu, ni mkono tu unaotoa. Na msihame nyumba mpaka tumalize, la sivyo hatutajua dawa imefanya nini."

Akavitundika, akaenda kwa jirani. Sikukaa hata kidogo. Nilivifungua vyote viwili nikavibadilisha. Anna alikuwa amekaa mlangoni kwao anakula ndizi, akanitazama mpaka nikamaliza. Kesho yake watu wa unga wakaja wakanyunyizia kwangu.

Mniulize Koku alisema nini alipokuta kibao cheupe. Alisema, "Afadhali umepata wewe, mdogo wangu, una kichanga. Sisi tutasubiri zamu yetu." Nami nikamwitikia asante, kwa mdomo huu huu!

Hilo la vibao pengine ningejisamehe, nilikuwa na hofu ya mama aliyefiwa. Linalonitafuna ni la baadaye. Majuma machache yakapita, kwangu papasi wameisha kabisa. Koku alikuwa na mimba ya miezi saba. Akaja mchana mmoja, amejishika kiuno.

"Waitu, nakusihi mdogo wangu, tupe pembe tulale kwako, mimi na Anna. Wadudu wananimaliza."

Nafasi ilikuwepo. Lakini niliogopa. Wakija kutoa damu wakamkuta kwangu, maswali yataanza, na bwana afya atakumbuka alitundika nini wapi. Nikamjibu, "Dada, bwana afya amekataza watu kuhama nyumba. Tutaharibu kazi yao."

Akaniamini. Akasema basi, akarudi kwake. Yaani mimi niliyevunja amri yao kwa siri, nikamfungia mwenzangu mlango kwa amri hiyo hiyo.

Homa ilimpata mwezi uliofuata. Mimba ikatoka, damu haikukatika. Walimbeba kwa machela kwenda hospitali, wakarudi naye kabla ya kufika. Shemeji alishindwa kukaa kwenye ile nyumba, akahamia Isingiro, akaniachia Anna. Mvua zilipokwisha bwana afya akarudi, anafurahi, unga umefaa. Wakamalizia nyumba zote zilizobaki. Na ya Koku wakainyunyizia, haina mtu ndani. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Nimemlea Anna kama wangu. Sasa ni mjane mwenye wajukuu, na ndiye aliyerudi kunitunza. Ananiogesha, ananikata kucha. Huwa ananiuliza, "Mama, hivi mama aliyenizaa aliumwa nini hasa?" Najibu homa. Miaka yote hii nasema homa, kisha naangalia pembeni.

Sasa ameandaa ibada ya shukrani, Jumapili ya pili kutoka leo. Anataka nisimame mbele ya kanisa zima, aseme kwamba nilimchukua wakati hana mtu. Kitenge changu ameshanunua na mshonaji ameshanipima. Naona aibu kukigusa.

Mwalimu anayeandika haya anasema ninyamaze, Anna ana presha na ukweli hautamrudisha marehemu. Labda. Labda pia Koku angekufa hata kwa kibao chekundu, hilo hakuna anayelijua. Lakini najua aliomba pembe ya kulala nikamnyima.

Saa hii Anna yuko jikoni anamenya ndizi. Amechungulia hapa akauliza tunaandika nini, nikamwambia ni barua ya kanisa. Mnaona? Bado naendelea. Nisaidieni mawazo, ninyi mlio wengi: nimwambie kabla ya Jumapili hiyo, au nivae kitenge chake nisimame? Na kabla hamjajibu, msijifikirie kuwa mimi. Jifikirieni kuwa Anna.