Kimeo Kilichokatwa Bure

Nilikuja Makambako kutoka Lupembe, ambako nilikuwa nikipakia majani ya chai kwenye lori, nikafikia kwa dada yangu Lyamkena. Kila asubuhi godoro la binti yake lilianikwa uani. Mtoto alikuwa darasa la kwanza, lakini umbo lake la chekechea. Watoto wa jirani wakipita walimpigia kelele: "Kikojozi! Umevua samaki wangapi leo?"

"Uvivu tu," alisema dada. "Darasani anasinzia, akiamka anawasumbua wenzake."

Mchana mmoja nilimtazama akilala. Mdomo wazi, kichwa amekirudisha nyuma. Alikoroma kama mtu mzima, kisha kimya. Kifua kilihangaika, hewa haipiti. Ghafla alishtuka akavuta pumzi kwa kishindo, shingo imelowa jasho, na nje ilikuwa baridi ya kuvaa masweta mawili.

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Nilimuuliza muuzaji wa duka la dawa, akasema apelekwe hospitali.

"Ni kimeo hicho, kinyama cha kooni kimerefuka. Hospitali wanajua nini?" aliniuliza mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka Kidugala kumsalimia mjukuu. "Hata wewe ulikatwa. Ndiyo maana unaongea sana hivyo."

Tulicheka. Kesho yake mama alimpeleka kwa mzee anayekata vimeo. Mtoto alirudi anatema damu, akakataa hata uji. Kukoroma hakukuisha, na juu yake ikaja homa. Dada akambeba mgongoni, tukapanda gari sote kwenda Njombe.

Daktari alimulika koo. Akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Alisema nyama zimeota nyuma ya pua na mafindofindo yamevimba, hewa inakosa njia. Kukojoa kitandani, kusinzia, utundu, kudumaa, vyote vinaweza kutokana na hilo. Na moyo umeanza kuelemewa.

"Nilikuwa namchapa," dada alisema.

Daktari alivuta faili, akaanza kuandika.

"Basi mzitoe leo, daktari."

"Mama, kidonda cha kimeo kina usaha. Lazima kipone kwanza."

"Na moyo utasubiri?"

"Tutampa dawa. Tutamwangalia."

Wodini dada alikaa kitandani amemwegemeza mtoto kifuani, asilale chali. Kila pumzi ya mtoto ilipokatika, dada naye aliacha kupumua mpaka irudi. Mama yetu alikaa sakafuni, kitenge usoni. Hakuna aliyemlaumu, wala aliyemsogelea.