Simba Niliyempaka Kijani

Miezi minne nilikaa hapa Likasi nikisafisha katuni ya zamani ya simba muuza mikate, ili itoke kwenye kanda za video iingie kwenye DVD, kwa ruhusa ya familia ya mchoraji. Mikwaruzo niliiondoa, sauti nikainyoosha. Lakini simba alikuwa wa manjano, na mimi tangu utotoni nilimjua wa kijani. Nikajiambia kanda imezeeka, imepiga manjano kama shati jeupe.

Sikukurupuka. Nilimuuliza Maman Béa, niliyekuwa nikikaa naye mkeka mmoja utotoni kuitazama.

"Ya kijani kabisa," akasema. "Ata minye nakumbuka."

Basi nikampaka kijani, picha kwa picha, mpaka kwenye jalada.

Jumamosi tuliizindua katika ukumbi wa parokia. Simba alipotokea tu, watu wa mitaa mingine wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Uyu simba iko mugonjwa?"

Nikashika maikrofoni. Nikawaeleza, kwa Kifaransa cha kitaalamu, kwamba hiyo ndiyo rangi yake ya asili, na shahidi wangu yupo: mgeni wetu wa heshima, Papa Faustin, mwenye televisheni pekee ya mtaa wetu zamani zile.

Papa Faustin akasimama polepole, akavua kofia.

"Mutoto yangu, simba ilikuwa ya manjano. Ni televizio yangu njo ilikuwa inaharibu rangi. Minye nilijua, lakini mulikuwa munafurahi sana."